Meza Inayozunguka

Birika la chai likimwagikia suruali ya mtu usiyemjua halina kelele. Kelele zinatoka kwa mwanao, ambaye ameona ni jambo la kupigiwa makofi.

Hii ni ya juzi Jumamosi. Jana nilishinda ndani, na leo kazini kila anayecheka nahisi anajua.

Nia ilikuwa njema kabisa. Wanangu wanamjua Mchina kama watoto wengi wa Dar es Salaam wanavyomjua: anajenga barabara, ana duka Kariakoo, na anapigana kwenye sinema huku mtafsiri wetu akimwekea maneno asiyoyasema. Babu yao mzaa baba alibeba mataruma pamoja na mafundi wa Kichina reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi, na mpaka leo akipata wasikilizaji huonyesha jinsi wale jamaa walivyokuwa wakila wali porini kwa vijiti viwili bila kudondosha punje. Wajukuu humcheka. Nikasema basi, twende mgahawa wa Kichina wakaone wenyewe.

Mhudumu alikuwa ameshapanga uma na vijiko kabla hatujavuta viti. Nikamwomba aviondoe, atuletee vijiti. Alinitazama kwa huruma, akavileta.

Vijiti hivi vina ufundi wake, na ukishauelewa unashangaa hukuuona mapema. Watu wengi hujaribu kuvichezesha vyote viwili, ndipo wanapokwama. Cha chini hakisogei hata kidogo: kinalala kwenye bonde la kidole gumba na kuegemea kidole cha pete. Cha juu ndicho kinachofanya kazi, nacho kinashikwa vile vile unavyoshika penseli. Halafu kuna siri ya wali wenyewe. Mama mkwe wangu husifu mchele wa Kyela kwa kuwa ukiiva vizuri unaachana punje kwa punje. Mbele ya vijiti, sifa hiyo ni balaa. Wali wao unashikana, unanyanyuka bonge zima. Kifungua mimba wangu, miaka saba, alilipata bonge lake mapema, akaanza kutudharau sote.

Mziwanda, miaka minne, alivichomeka vyake wima katikati ya bakuli akavipa mgongo. Mhudumu alikuja mbio kuvichomoa. Kwa Wachina, vijiti vilivyosimama kwenye wali vinafanana na vijiti vya udi vinavyochomwa mbele ya marehemu. Kwa hiyo kwa dakika kadhaa, meza yetu ilikuwa na msiba na sisi wafiwa hatuna habari.

Ndipo mtoto, mikono ikiwa haina kazi, akagundua kwamba meza inazunguka.

Hapa lazima nimtaje daktari. Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, ndiye aliyeongoza mapambano dhidi ya tauni ya mapafu kule Manchuria mwaka 1910 na 1911. Aliwavalisha watu barakoa za shashi zaidi ya miaka mia moja kabla sisi hatujapiga nyungu za korona. Tauni ilipokwisha akageukia meza ya chakula, na alichokiona hakikumpendeza: kila mlaji anachovya kwenye sahani ya wote vijiti alivyokwisha kuvilamba. Angeweza kuamuru kila mtu ale sahani yake, lakini nani angemsikiliza? Mchina na sinia lake ni sawa na sisi na letu, kula peke yako ni kama kununa. Akapendekeza chakula kikae kwenye kibao cha kuzunguka katikati ya meza, kila sahani na kijiko chake cha kupakulia, kila mtu avute kibao achukue chake. Hakuwa wa kwanza duniani kufikiria kibao cha namna hiyo, ila yeye alikifikiria kwa ajili ya afya. Ni wazo zuri kiasi kwamba nimeanza kutazama sinia letu la pilau kwa jicho jingine.

Kibao cha meza yetu kilikuwa cha kioo, na chini yake kuna pete mbili za chuma na gololi katikati yake. Kioo ni kizito, kwa hiyo kukianzisha kunahitaji nguvu kidogo, na kukisimamisha kunahitaji nguvu ambayo mtoto hana na mama hakuwahi kuifikia. Kilicho katikati, ambapo palikuwa na maua ya plastiki, kinajizungukia pale pale. Kilicho ukingoni, katika mzunguko huo huo mmoja, kinasafiri safari ndefu, hivyo kinakimbia zaidi. Mwendo ukiwa wa adabu, msuguano unaishika sahani. Ukizidi, msuguano unasalimu amri, na sahani inatoka kama abiria wa mlangoni daladala inapokata kona. Tena hutoka kwa zamu. Kilianza kibakuli cha sosi ya soya. Zikafuata figili. Birika lilijitahidi, lilizunguka mara moja zaidi likiwa limeinama, kisha likaaga.

Wu Lien-teh alifikiria mate, vijidudu na vijiko. Mtoto wa miaka minne hakumfikiria.

Aliyelipokea birika alikuwa mzee wa Kichina wa meza ya jirani, suruali ya rangi ya maziwa. Mume wangu alichagua dakika hiyo kutoka nje kupokea simu ambayo haikuita. Mimi nilikuwa nimejifunza maneno ya kuomba radhi kwa Kichina, nimeyarudia mbele ya kioo tangu asubuhi. Nikayatoa, na mikono nikaikunja.

"Usihangaike, mama," akasema mzee kwa Kiswahili cha Kariakoo kisicho na doa. "Wewe shika mtoto, na mimi nishike suruali."

"Shikamoo, babu," akasema mziwanda.

"Marahaba. Umemaliza?"

Mgahawa mzima ulicheka, pamoja na mpishi aliyechungulia. Samaki alipoletwa mzima, macho wazi, mziwanda alikataa kula mtu anayemtazama. Mkubwa alimeza tangawizi akidhani ni nyama.

Nilipokuwa nikipangusa meza ya mzee ndipo nikaona vyakula vyake. Hakuna hata kimoja nilichokuwa nimekisoma kwenye menyu. Nikamuuliza mhudumu.

"Hivyo havipo kwenye menyu yenu, dada."

"Vipo kwenye menyu ya nani?"

Alikohoa. Menyu zilikuwa mbili. Ya kwetu ilikuwa na picha: kuku wa sosi tamu, wali wa kukaanga, na chipsi, ambazo watoto walikuwa wameshazimaliza. Ya pili ilikuwa ya Kichina mstari kwa mstari na watu wa sura zetu hawakupewa. Najua utetezi wa mgahawa: wateja wetu wengi hurudisha sahani, na biashara si darasa. Lakini uma zilipangwa kabla hatujakaa. Chakula chetu kilichaguliwa mlangoni, kwa kututazama tu, tena katika mji wetu. Mwaka 2015 Nairobi mgahawa mmoja wa Kichina ulifungwa baada ya kujulikana kwamba unawazuia Waafrika kuingia jioni. Huu wetu haukumzuia mtu, ulimkaribisha kwa tabasamu na kumpa chipsi. Sikucheka, na hata sasa sicheki.

Nikaidai menyu ya pili. Nikaomba jambo moja tu, isiwe kitimoto, halafu nikamwachia kifungua mimba aweke kidole popote.

Kikaja kikapu cha mianzi kinachofuka mvuke. Vilivyokuwa ndani hukaangwa, vikalowekwa kwenye maji baridi ngozi ivimbe, kisha hupikwa kwa mvuke na maharage meusi ya soya yaliyochachushwa. Mhudumu akafunua kifuniko kwa madaha. Ilikuwa miguu ya kuku.

Watoto hawakungoja vijiti. Kwa bibi yao Mbagala huila kila wakienda, ya kununua mafungu jioni, na wanajua pa kuanzia. Mkubwa alinyonya vidole kimoja kimoja, akatema vifupa kwenye sahani kwa ustadi ambao mzee wa jirani aliutazama kwa heshima. Mume wangu, aliyekuwa amerudi, aliitazama bei akakaa kimya.

Mziwanda alimwita mhudumu akamuuliza kama vichwa vimekwisha.