Sayansi ya Bando

Haya yote yaliletwa na mpwa wangu. Alikuja Jumapili, akala wali wetu sahani mbili, akajifuta mdomo, akasema: "Mjomba, huu ukarani wa stoo hauna miaka mitano. Soma sayansi ya data. Data ndiyo mafuta mapya." Mafuta ya zamani yenyewe, yale ya alizeti, tulikuwa tunayamimina kwa kijiko kwa sababu mwezi ulikuwa umefika kwenye kona mbaya. Lakini mtu wa miaka 47 akiambiwa kazi yake inakufa husikiliza tu, hata kama mtabiri ana punje ya wali kwenye ndevu.

Mama watoto hakupendezwa. Hapa kwetu Tabata, data ni ile unayowasha na kuzima kwenye simu.

"Kwa hiyo, baba watoto, siku hizi mtu anasomea kuwasha data?"

Nikamweleza kwamba ni elimu ya takwimu na kompyuta, unachukua mambo yaliyopita unabashiri yajayo.

"Kubashiri? Si uliniapia mikeka umeacha?"

Kozi ilikuwa ya bure. Ubure wake ulikuwa hivi: kutazama video bure, kusahihishiwa mazoezi kwa dola, cheti kwa dola. Ukitaka vyote unapewa siku 7 za kuonja, ila kwanza uandike namba za kadi yako, kama mgeni anayekaribishwa chakula huku kitambulisho chake kikishikiliwa mlangoni. Nilipanga kujitoa siku ya sita. Siku ya sita umeme ulikatika mtaa mzima. Siku ya nane wakakata na wao.

Mwalimu ni kijana mchangamfu ambaye kila kitu kwake ni rahisi. "Ni rahisi tu," anasema, kisha bando linasuasua, kiduara kinaanza kuzunguka, na yeye anabaki amefungua mdomo. Nimemtazama akiwa mdomo wazi kwa muda mrefu kuliko daktari wake wa meno.

Tukaanza na majina. Lugha ya kuandikia inaitwa Python, yaani chatu. Nikasema vizuri, aliyeibuni alijua inavyomeza watu. Kumbe wapi! Mholanzi Guido van Rossum, alipoitoa mwaka 1991, jina alilichukua kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Halafu kwenye nembo wakachora nyoka wawili. Kuna zana nyingine inaitwa pandas, nayo haihusiani na yule mnyama wa China, ni ufupisho wa maneno ya wanatakwimu. Na kuna kifurushi kinaitwa Anaconda. Huyu walau ana tabia za jina lake, maana alimeza bando langu la wiki nzima kwa usiku mmoja, akabaki amelala kwenye kompyuta bila kufunguka.

Chatu huyu ana mambo ya mama mkwe. Ukiacha nafasi moja isiyotakiwa mwanzoni mwa mstari, hasemi nawe tena. Ukiandika herufi kubwa pasipo pake, anajifanya hakujui. Na anahesabu kuanzia sifuri. Mstari wa kwanza kwake ni wa sifuri, wa pili ndiyo wa moja. Nimekaa stoo miaka 19. Siku nikimhesabia bosi magunia kuanzia sifuri, nitalala polisi.

Sasa twende kwenye hizo data zenyewe. Nilitegemea mambo ya maana. Wakaanza na maua. Maua 150 ya aina ya airisi, aina tatu, kila aina 50, ambayo Mwingereza Ronald Fisher aliyaandikia makala mwaka 1936. Tangu hapo kila anayeingia darasani lazima ayapitie, akisoma urefu na upana wa kila petali. Maua yenyewe hayaliwi. Nikayavuka haraka.

Baada ya maua, meli. Ukitaka kuwa mtu wa data lazima uzame na Titanic, hakuna njia ya kando. Meli ilizama Aprili 1912, lakini wanafunzi bado wanaivua. Unapewa jedwali la abiria 891, jina, umri, nauli, daraja, na kama mtu alipona au hakupona. Waliopona humo ni 342. Kazi yako ni kuifundisha kompyuta ibashiri hatima ya abiria wengine 418, ambao majibu yao wameyaficha. Nikauliza moyoni kuna faida gani kubashiri ajali ya mwaka 1912, lakini kadi ilishakatwa, nikaendelea.

Kuna safu moja kwenye jedwali hilo inayohesabu ndugu na mwenzi wa ndoa kwa pamoja. Mke na dada wa mtu wamejumlishwa, namba moja! Aliyepanga hivyo hajawahi kuishi nyumba yenye wifi. Nilipomweleza mama watoto alicheka mpaka akakaa chini, na ndiyo siku pekee sayansi hii iliyoleta furaha nyumbani.

Nilikaa na meli hiyo wiki tatu. Umri wa abiria 177 haukuandikwa, nikaujaza kwa wastani kama nilivyofundishwa, nikawapa watu wasiojulikana miaka kama ofisa wa uandikishaji mwenye haraka. Nikapanda miti ya maamuzi, nikapanda msitu mzima, maana ndivyo wanavyouita. Nikapeleka majibu. Nikapata asilimia 74. Nikaita watoto waje waone.

Kesho yake nikagundua kwamba kuna jibu la mfano ambalo kila mwanafunzi hupewa siku ya kwanza, kabla hajajifunza chochote. Linasema tu: wanawake wote wamepona, wanaume wote wamekufa. Hilo linapata zaidi ya 76. Wiki tatu, miti mia, bando lisilohesabika, nimeshindwa na sentensi ambayo bibi yangu angeitoa akiwa anachambua mchele.

Hapo ndipo nilipoamua kuachana na wafu wa watu na kutafuta data za nyumbani. Mama watoto ana genge mbele ya nyumba. Anauza nyanya, vitunguu, mafuta ya kupima, na asubuhi vitumbua. Ana daftari. Nikamwomba daftari. Akanitazama kama nimemwomba figo, lakini akanipa, na nikamwomba kwa siku kumi aandike mpaka saa ya kila mauzo.

Tatizo la kwanza likawa nyanya. Mwalimu wa kozi anafundisha kwamba kipimo kinasimama na bei inatembea, kilo ni kilo, leo hivi kesho vile. Gengeni bei ndiyo inayosimama. Fungu ni mia tano. Nyanya zikijaa sokoni, fungu lina sita na moja ya nyongeza. Zikiadimika, fungu lina tatu, na ya tatu ina kidonda. Lakini daftarini yote yameandikwa "fungu". Nikaipa kompyuta siku zote kumi ichore bei ya nyanya, ikachora mstari ulionyooka kama mgonjwa aliyelala chali. Kwa mujibu wa sayansi, nyanya Tabata hazijawahi kupanda bei. Nilipomwonyesha mwenye genge akauliza kama na mpwa wangu naye huwa analipwa kwa mambo haya.

Tatizo la pili, saa. Ameandika vitumbua vimeuzwa "saa 1", ya asubuhi bila shaka, maana kitumbua ni cha asubuhi. Kompyuta haikukulia kwetu. Ikasoma saa saba ya usiku. Grafu ikaonyesha biashara yetu inachangamka sana usiku wa manane, hapo ambapo mtaani amebaki mlinzi na paka. Nikakaa siku nzima nikiongeza sita kwa kila saa ya mchana.

La tatu, wadaiwa. Huyu ameandikwa "mama wa kona", yule "fundi baiskeli", mwingine "mwenye kofia". Kuna ambao hawakuandikwa jina kabisa, deni tu. Panapokosekana kitu, kompyuta huandika herufi tatu: NaN. Mama watoto akapita nyuma yangu na beseni, akainama kwenye kioo, akasoma kwa sauti: "Nan, nan, nan. Sasa wewe unaniuliza mimi nani, na madeni nimekupa wewe uyatafute?"

Lakini namshukuru Mungu, mwisho nilifaulu. Usiku mmoja nilijumlisha madeni kwa kila jina, nikayapanga kutoka kubwa hadi dogo, chati ikatoka bila kosa hata moja. Mwenye kofia alikuwa na mhimili mfupi. Mama wa kona wa wastani. Juu yao wote ulisimama mhimili mmoja mrefu kama mnara wa simu, shilingi 84,500, wa mdaiwa aliyeandikwa "Yeye".

Nikamwamsha mama watoto. Nikamwambia nimempata anayeliua genge.

"Huyu Yeye ni nani?"

Hakujibu. Akavuta kanga, akageukia ukutani. Nikarudi kwenye daftari, nikafuata mistari yake mmoja mmoja. Yeye, bando, 3,000. Yeye, vitumbua vinne, hajalipa. Yeye, bando. Yeye, bando la usiku. Yeye, elfu kumi, kasema za dola.

Nimeshalipa elfu ishirini. Kozi ya pili inaanza Jumatatu, na siku 7 za kwanza ni bure.