Kombi ya Mjomba

Nchi hii ina upungufu wa mambo mengi, lakini si wa washauri wa masomo. Ngoja tu Baraza la Mitihani litoe matokeo ya kidato cha nne. Mtoto hajamaliza kutafuta namba yake kwenye simu, mlango unagongwa. Ni mjomba. Nyuma yake yuko jirani, na nyuma ya jirani yule binamu ambaye kwenye harusi ya familia hakuchanga hata shilingi. Wote wamekuja kumchagulia mtoto kombi, na wote wanasubiri chai.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya nyumba ya kaka yangu. Binti yake kapata A ya Kiswahili, A ya Historia, B ya Jiografia, B ya Kiingereza, C ya Kemia, C ya Biolojia, halafu C ya Fizikia ambayo hata mwenyewe anaistaajabia. Mjomba mtu akaipokea simu, akavaa miwani, akazipita zile A bila hata kuzisalimia, kidole kikatua kwenye Fizikia.

"Kafaulu sayansi. Basi PCB: Fizikia, Kemia na Biolojia. Awe daktari."

"Shemeji," nikamwambia, "hiyo ni C."

"Atakaza."

Wa kukaza ni mtoto, mjomba kazi yake kutamka tu. Yeye mwenyewe Fizikia aliiaga alipoingia kidato cha tatu, siku ya kwanza tu waliporuhusiwa kuiacha, na sijawahi kusikia kwamba aliikumbuka.

Sasa hiyo C tuikague, maana hakuna aliyeikagua pale sebuleni. Kidato cha nne C inaanzia alama 45. Yaani mtoto anaweza kukosa zaidi ya nusu ya mtihani na bado tukampigia vigelegele. Kidato cha sita alama 45 hizo hizo zinaitwa E. Mtoto hajarudi nyuma hata hatua moja, kilichobadilika ni mizani. Ndiyo maana kila mwaka nasikia wazazi wakilalamika kwamba mtoto wao "aliharibikiwa kule bweni". Hakuharibikiwa. Alipelekwa na C ya kubahatisha mahali ambapo kubahatisha hakulipi, akiwa amebeba ndoto ya mtu mwingine.

Na hesabu zenyewe zinachanganya hata wenye nia njema. Baraza linahesabu A ya kidato cha sita kuwa pointi 1, kwa hiyo ukiwa na chache unasifiwa: daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9. Ukifika kwenye sifa za kuingia chuo kikuu, zile za Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), A hiyo hiyo ni pointi 5, na huko mwenye chache hana chake. Nimemshuhudia mzee mmoja akimfokea mwanawe kwa kupata pointi nyingi, kesho yake akamfokea kwa kupata chache. Matokeo yalikuwa yale yale.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi, yaani kombi, mpya 49, zikajumlishwa na 16 za zamani zikawa 65. Humo mna sayansi, biashara, lugha, sanaa, michezo na hata masomo ya dini. Mjomba anazijua mbili. Ya kwanza ni PCB, ya pili ni PCM, yenye Hisabati badala ya Biolojia, kwa ajili ya mtoto akiwa wa kiume. Zilizobaki 63 anaziita "hizo nyingine". Ukimtajia HKL anashusha pumzi kama aliyeletewa habari za msiba. "Historia, Kiswahili na Kiingereza, ataenda kuwa nani?" Swali hilo analiuliza mtu ambaye mwaka juzi alimlipa wakili pesa ndefu kwenye kesi ya kiwanja. Sijui anadhani yule wakili alipasua chura wangapi.

Lakini nisionekane nawapendelea watu wa sanaa. Nao wana visa vyao. Wapo wanaokimbilia huko kwa sababu wamekosana na Hisabati, wakidhani Historia ya kidato cha tano ni hadithi za jioni. Wakifika wanakuta insha juu ya insha, na kila hoja inadai mfano wenye mwaka na mahali. Wapo pia wanaochagua kombi ya rafiki. Rafiki anapangiwa Tabora, yeye Songea, na kombi anabaki nayo.

Kitu ambacho mshauri mwenye maana angekifanya ni kuangalia milango. Chukua CBG. Ni kombi nzuri, ina Kemia, Biolojia na Jiografia, na watoto wanaipenda kwa sababu inawaokoa na Fizikia. Tatizo ni kwamba shahada ya udaktari wa binadamu inadai Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Kila mwaka kuna familia inayoligundua hilo baada ya matokeo ya kidato cha sita, wakati sherehe ya daktari mtarajiwa ilishafanyika. Uhandisi nao unaitaka Hisabati ya juu pamoja na Fizikia. Mambo haya yameandikwa kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka, programu kwa programu. Na baada ya matokeo ya kidato cha nne TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili mwanafunzi abadili machaguo yake. Muda wa kusoma na kufikiri upo. Sisi tunautumia kunywa chai.

Binti nilimvuta jikoni. Nikamwambia aache kwanza majina ya kazi, anijibu kitu kimoja: ni somo gani ukikosea swali unataka kujua umekosea wapi, badala ya kufunga daftari? Akajibu bila kufikiri: Historia na Jiografia. Tukachungulia lile tangazo la tahasusi, tukazungumza habari za sheria, ualimu, mipango miji. Kule sebuleni mjomba alikuwa ameshamnunulia koti jeupe kwa maneno.

Hayo ya kombi ni nusu ya maumivu yangu. Nusu ya pili ni jinsi wanavyosoma wakishafika huko.

Kwanza wanaamini wana miaka miwili. Hawana. Kidato cha tano huanza Julai, na mtihani wa kidato cha sita huwa Mei. Ukitoa likizo, ugonjwa na zile wiki za mwanzo za kutafuta kitanda chenye chaga zote, hesabu inatisha. Mtoto muhula wa kwanza anautumia kuchora ratiba: rula, kalamu za rangi nne, saa kumi alfajiri Kemia, saa kumi na moja Biolojia. Ratiba inabandikwa ukutani, inasifiwa na bweni zima, na tangu siku hiyo haijawahi kufuatwa na mtu yeyote.

Halafu kuna msuli wa usiku. Wanafunzi wa bweni wanaokesha na miguu ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usiwachukue wanasifiwa hadi leo, hasa na walimu waliofanya vivyo hivyo. Mwili unalilia usingizi, na usingizi ndio unaoyakalisha kichwani yale uliyosoma, wewe unaufukuza kwa beseni. Asubuhi mwalimu anafundisha topiki mpya, mkeshaji analala macho wazi, kisha usiku anakesha tena kuisoma ile aliyoilalia darasani.

Na huko kusoma kwenyewe ni kutazama. Jirani yangu ana kijana wa PCM anayetembea na Nelkon kila mahali, lile buku la Fizikia ambalo tofali lingelionea wivu. Kurasa zake zote kazipaka wino wa njano. Nilimwuliza, ukishapaka ukurasa mzima, lililo muhimu unalijuaje? Akasema yote muhimu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya habari. Kuna waliorudia kusoma, na kuna waliosoma kisha wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Unaona mtego ulipo? Ukirudia daftari usiku unafunga ukijiona bingwa, na kweli ni bingwa, kwa dakika tano. Funga daftari mapema. Chukua karatasi tupu, andika unachojua, uone aibu yako ukiwa peke yako kabla msahihishaji hajaiona.

Kabla ya watafiti hao, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijikaririsha silabi zisizo na maana, akapima jinsi anavyozisahau, akachapisha matokeo mwaka 1885. Watoto wetu wanauendeleza utafiti wake kila muhula, tofauti ni kwamba yeye alijua kuwa zile silabi hazina maana. Kijana mwingine hapa mtaani, wa CBG, alinikaririshia maana ya osmosisi kwa Kiingereza, kaimwaga yote bila kupumua. Nikamwuliza, basi niambie kwa Kiswahili, kwa nini kachumbari nikiitia chumvi mapema inajaa maji? Akaniangalia kwa huruma. "Shangazi, hiyo haimo kwenye silabasi."

Imo, mwanangu. Ndiyo yenyewe. Mtihani unakuja kwa Kiingereza na utajibu kwa Kiingereza, lakini kama huwezi kumweleza bibi yako jambo hilo kwa lugha ya nyumbani, ulichobeba ni sauti tu.

Diskasheni nazo nimezisikiliza, maana wakati wa likizo zinafanyika barazani kwangu. Dakika kumi ni za topiki, zilizobaki ni za Simba na Yanga. Na wakikumbuka mtihani, wanatafuta mtu wa kuwauzia "pepa". Wakati huohuo Baraza la Mitihani limeweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka, bure. Humo wameonyesha swali lilitaka nini, wengi walikosea wapi, na mifano ya majibu mazuri na mabovu yenye mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Msahihishaji anakwambia kinachomuudhi, na wewe unatoa hela kwa tapeli akuuzie karatasi ya uongo!

Basi wajomba, na nyinyi mabinamu, ushauri tunao wa kutosha hadi kizazi kijacho. Tunachopungukiwa ni vitu vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Shule nyingi zinataka godoro, ndoo, shuka, jembe, fagio na rimu ya karatasi, na nauli ya basi haijatajwa ila ipo. Mwenye kutaka kumsaidia mtoto achague kimojawapo hapo. Rimu bado hakuna aliyeichukua.