Sifa za Gitaa Zito

Mwimbaji wetu ana leso tatu za kufutia jasho. Mpiga solo ana miwani ya jua, anayoivaa ukumbini saa nne usiku. Mpiga dramu ana wivu. Mimi nina spika.

Nikisema nina spika sisemi kwamba ni mali yangu. Nasema kwamba popote bendi iendapo, mimi ndiye niliye nayo. Ni sanduku la mbao lililovishwa zulia jeusi, ndani yake mna koni ya inchi 15, na uzito wake haujawahi kupimwa kwa mizani, hupimwa kwa watu. Kupanda ngazi ni ya watu wawili. Kushuka ni ya mtu mmoja na nusu, na ile nusu ndiyo mimi nikishafika chini.

Wanaonitakia mema wamenisihi mara nyingi niache besi nishike chombo chenye faida. Shemeji yangu alitazama video ya harusi moja tuliyopiga, saa mbili na nusu nzima, akaniambia kwa upole, "Shemeji, nimekiona kiwiko chako." Basi nimeona niwajibu wote kwa maandishi, maana utukufu wa besi haujapata msemaji. Aliyepaswa kuusema, kila watu wanaposhika maiki, yuko nyuma anakunja waya.

Asili yetu kwanza. Gitaa la besi la umeme tunalolijua lilitoka kwa Leo Fender, fundi redio wa California, ambaye mwaka 1951 aliingiza sokoni besi aliyoiita Precision. Huyu bwana hakujua kupiga gitaa, na hakujifunza mpaka anakufa. Miaka kumi baadaye, mpiga besi wa Beatles, Stuart Sutcliffe, aliamua kuacha muziki abaki na uchoraji wake, na besi ikawa yatima. Hakuna aliyeitaka. Ikamwangukia Paul McCartney. Kwa hiyo ukoo wetu una babu asiyejua kupiga na mrithi asiyetaka kurithi. Nitajieni ukoo mwingine wa muziki wenye unyenyekevu kama huo.

Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango uleule. Kwaya yetu ya vijana ilipata magitaa matatu, na mawili yalikuwa yameshapata wenyewe kabla hayajatolewa kwenye maboksi, kwa kuwa wazee wa kanisa nao wana watoto. Mwalimu wa kwaya akanitazama, akatazama gitaa lililobaki, akasema nina vidole virefu. Sina. Lakini sijawahi kumkatalia mkubwa anayenisifu.

Tumepewa nyuzi nne wakati wenzetu wanahangaika na sita, na kama vile ni adhabu ya kupunguziwa kazi, seti ya nyuzi nne hizo huuzwa ghali kuliko seti ya zile sita. Kwa hiyo mpiga besi wa bendi ya ridhaa hanunui nyuzi, huzipika. Ndiyo, huzipika: unazifungua, unazikunja, unazitia kwenye sufuria ya maji, unachemsha mpaka uchafu wa vidole wa miezi minane utoke, unazianika kwa taulo, unazirudisha, na sauti inang'aa kwa wiki mbili tatu. Mke wangu ameitenga sufuria hiyo na vyombo vingine vyote kana kwamba ina ugonjwa. Nilimweleza kwamba James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi kwenye nyimbo chungu nzima za Motown miaka ya 1960, alisifika kwa kutobadilisha nyuzi zake kabisa, na kwamba alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada. Akauliza kama huyo bwana alikuwa akilipwa. Nikamwambia alilipwa, ila jina lake na majina ya wenzake hayakuandikwa kwenye majalada ya santuri za Motown mpaka ilipofika 1971. Akarudi kukaanga vitunguu. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete; changu kimevikwa sugu, na sugu haiibiwi.

Kuna jambo la kutuzwa, ambalo wengi wanadhani linaniuma. Desturi inajulikana: shangazi wa bwana harusi anainuka mezani, anacheza kutoka huko aliko mpaka jukwaani, noti ya elfu kumi ameinua juu kama bendera, anambandika mwimbaji kwenye paji la uso. Akikolea zaidi anambandika na mpiga solo. Kwa miaka 11 sijabandikwa hata risiti. Mwezi uliopita, harusi ya Tabata, tuko katikati ya wimbo wa keki, shangazi mmoja aliyejaa vitenge alinijia mimi, moja kwa moja, akimpita mwimbaji, akimpita solo. Nikainamisha kichwa kumrahisishia. Akaniuliza choo kiko wapi. Nilimwelekeza kwa kidevu, mikono ikiwa kazini, na ninasema kwa fahari kwamba sikukosa noti hata moja.

Tafakarini hasara ya wenzangu. Paji lenye noti halitikisiki. Mwimbaji huimba amekaza shingo kama aliyejitwisha ndoo bila kata. Shoo ikiisha lazima azimwage zote mezani zihesabiwe, kwani kwetu tuzo ni ya bendi, na kila mara kuna noti moja ambayo watu wote waliiona isipokuwa yeye. Mimi naondoka na paji kavu na jina safi.

Hata wakubwa wetu wamelindwa hivyo. Mtajie mpenzi wa dansi Les Wanyika ya Nairobi, atakujibu John Ngereza kabla hujafunga mdomo, na atamwongeza Omar Shabani, "Professor", na gitaa lake la rithim. Muulize besi, atakuuliza una haraka gani. Ni Tom Malanga. Nikiimba "Sina Makosa" bafuni sianzi na maneno, naanza na yeye, na jirani anadhani bomba limeziba.

Lakini hayo yote ni mapambo. Fadhila kubwa ya besi ni uongozi.

Watu wanadhani kiongozi wa bendi huchaguliwa, au ni yule mwenye kipaji. Katika bendi ya ridhaa kiongozi ni yule ambaye chombo chake hakiingii kwenye bodaboda. Mpiga solo anapakia gitaa mgongoni, anapanda pikipiki, kesha fika. Mpiga kinanda analaza kinanda mapajani ndani ya bajaji. Mpiga dramu huja na vijiti mfukoni, dramu zenyewe tunaziazima. Mwimbaji hupanda daladala na koo lake. Spika ya besi inataka kirikuu. Dereva wa kirikuu anataka nusu ya hela mkononi kabla hajawasha gari. Nusu hiyo haina pa kutoka ila kwenye kianzio cha kamati ya harusi, kwa hiyo ni mimi ninayempigia mwenyekiti wa kamati, kwa hiyo namba yangu ndiyo anayoihifadhi, kwa hiyo ni mimi anayenitumia pesa kwenye simu, kwa hiyo ni mimi mhazini, na mhazini ndiye anayejua tumekubaliana saa ngapi, kwa hiyo ni mimi ninayewaamsha wanamuziki wa watu Jumamosi mchana. Hakuna aliyenipigia kura. Koni ya inchi 15 ndiyo iliyonipa cheo.

Na cheo kina raha zake. Mama mwenyekiti mmoja alinipigia wiki ya harusi ile ya Tabata.

"Kiongozi, bendi mko wangapi? Sahani za wanamuziki tumeweka sita."

"Tuko wanane, mama."

Akanyamaza akipiga hesabu. "Basi wawili wasiimbe sana."

Ni mimi pia ninayejua kwamba kadi ikisema saa kumi na mbili jioni maharusi wataingia saa tatu. Kwamba mama wa bibi harusi ameokoka na hataki kusikia rumba kabla ya maombi. Kwamba ukumbi una tundu moja la umeme linalofanya kazi na limeshikwa na friji ya soda. Begi langu lina ekstensheni ya mita 20, jeki mbili za akiba, bisibisi, utepe mweusi, dawa ya tumbo ya mpiga solo, na betri ndogo ya volti 9. Betri hiyo ni ya gitaa lenyewe: ni la aina inayokula betri, na ukisahau kuchomoa waya baada ya mazoezi linakula usiku kucha, kimyakimya, likukatikie bwana harusi akiwa mlangoni. Nauchomoa kila mara. Nawachomolea na wengine.

Wazee wa dansi hawakuionja heshima hii, nawahurumia. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ya 1978 ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikahamia kwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwanamuziki aliyeshawishiwa kuhamia kwingine alihama na vidole vyake tu, spika ameiacha palepale ilipo. Usiku mmoja anaamua, kesho yuko bendi pinzani. Mimi siwezi kuhama. Nilishafikiria, mwaka juzi, baada ya ugomvi wa jina la bendi, ambalo tumeshalibadilisha mara nne. Nilinuna siku tatu, kisha nikakumbuka kwamba spika iko sebuleni kwangu, imewekewa kitambaa na chombo cha maua, na kwamba popote nitakapokuwa, bendi itakuwa hapo.

Fundi mitambo, mtu wa kukodi, amri yake kwangu haijabadilika tangu nimfahamu: punguza besi. Sina kinyongo. Tatizo kubwa zaidi ni mvumo wa umeme, ule wa waya usio na athi, unaotoka kwenye amplifaya yangu hata nikiwa nimeshika nyuzi zote. Nilihangaika nao miaka mpaka nikafanya hesabu. Umeme wetu ni hertz 50. G ya chini kwenye gitaa langu ni hertz 49. Yaani amplifaya ilikuwa inapiga G, imepanda kidogo tu. Tukahamishia nyimbo zetu nyingi kwenye G, mwimbaji akalalamika kidogo kuhusu koo, na sasa nina mpiga besi msaidizi asiyechelewa wala kudai posho. Umeme ukikatika tunanyamaza pamoja.

Turudi Tabata, harusi ya yule shangazi. Saa nane usiku ukumbi umebaki viti. Mwimbaji kaondoka na watu waliokuwa na gari lenye kiyoyozi. Mpiga solo katoweka na miwani yake. Kirikuu haijafika kwa kuwa dereva kapitiwa na usingizi, na mimi nimekaa juu ya spika nje ya mlango, begi miguuni, nikingoja. Huu ndio wakati ambao wapiga solo hawaujui. Akina mama wa chakula wanamalizia kuosha masufuria, na mmoja wao akiona mtu kakaa peke yake usiku huo hawezi kumwacha hivihivi. Nililetewa ukoko wa pilau sahani nzima, na vipande vinne vya nyama vilivyokuwa vimefichwa kwa ajili ya mtu asiyetokea. Sahani sita za bendi zilikuwa na kimoja kimoja.

Mlinzi wa getini, mzee mwenye koti zito na redio isiyo na betri, akaja kukaa kwenye ngazi. Nikamkaribisha, tukala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa bendi?"

"Ndiyo, mzee. Napiga besi."

"Besi ndiyo ipi?"

Nikaanza kumweleza: gitaa lile lenye shingo ndefu, nyuzi nne. Akatikisa kichwa. Alikuwa getini usiku mzima, hakuona kitu. Kati yake na sisi palikuwa na ukuta wa tofali, mapazia ya mapambo na watu mia tatu wamesimama, na sauti nyembamba huishia humo. Ile nzito ya mitikisiko arobaini na kitu kwa sekunde ndiyo haijali ukuta.

"Huku hakufiki mwimbaji wala solo," akasema. "Nilikuwa nasikia kimoja tu. Ule wimbo wao wa keki ni mzuri."

Akameza tonge, akafumba macho, akaanza kuuvumisha kwa puani. Ulikuwa mstari wangu, noti kwa noti, na mapengo yake, na pale ninaposhuka taratibu kurudi G. Niliacha kutafuna. Alipofika katikati, mahali ambapo shangazi alinijia, akakosa noti mbili, akasitasita, akalidaka pigo mbele kidogo, akaendelea.