Yah: Kumripoti Mtia Nia Asiyetoa Kitu, Kata ya Kwala

Kwa Mkuu wa TAKUKURU, Mkoa wa Pwani.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwala yupo mtu anayeutaka udiwani wa 2030, na mpaka sasa hajagawa hata robo ya sukari.

Ushahidi upo. Alimtembelea mjumbe mmoja usiku, akanywa chai ya mwenye nyumba, akaaga. Mjumbe akamsindikiza hadi njia panda, akiamini bahasha hutolewa gizani. Alichopewa ni mkono mtupu. Msibani alichanga elfu mbili, akaandikwa daftarini kama jirani yeyote. Vijana walipomuuliza amewaletea nini, akawatajia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hela ya umma! Wao walikuwa wanaulizia ya mfukoni mwake.

Baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020, walioangushwa walilalama kwamba wajumbe si watu. Kwala leo wanaolalama ni wajumbe.

Mshukiwa anajitetea kwa sheria. Ni kweli, mwaka 2000 Bunge liliruhusu takrima, ukarimu wa aina yake ambapo mgeni ndiye anayewakirimu wenyeji. Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyosainiwa na Rais Jakaya Kikwete, mtoto wa Pwani hii hii. Takrima ikatii, ikabadili jina: sasa inaitwa nauli.

Tena kachagua wakati mbaya. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala tarehe 31 Julai 2025. Makontena yanafika kwa reli, viwanda vinajengwa, na ardhi iliyokuwa pori ina wenyewe watatu watatu. Kiti cha kuongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata hakiwezi kwenda bure. Aliyekinunua anajulikana atakavyofanya, maana ana hela ya kurudisha. Huyu hatadaiwa na mtu. Siku ya Baraza la Madiwani anaweza kuusoma mkataba kabla ya kunyoosha mkono, akauliza hata ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo ofisi yako inaombwa imhoji. Akikaidi, akabidhiwe walau katoni moja ya maji, aigawe mbele ya mashahidi.

Nakala: wajumbe wote. Watakaozifuata wenyewe warudishiwe nauli.