Samaki Wageni wa Patron

Patron, tumesikia unataka kufuga samaki wa bahari na matumbawe sebuleni, hapa hapa Goma, karibu mita 1,460 juu ya hiyo bahari yenyewe. Hongera. Ziwa Kivu liko mlangoni pako, ila ni la maji baridi. Wageni wako watataka chumvi ya kuagizwa, na si hii tunayotia kwenye sombe.

Chakula chao sasa. Kamba wabichi, ngisi, mwani: vyote visagwe, vitandazwe ndani ya mfuko wa plastiki viwe vyembamba kama chapati, vigandishwe, kisha vimegwe kidogo kidogo. Matumbawe (nayo ni wanyama, ati!) mengi hula usiku, yanaponyoosha minyiri yao gizani. Giza tunalo, hilo usihofu. Friji ndiyo itakayokuumbua, maana umeme wetu una siku zake, na ngisi aliyeyeyuka hana siri kwa majirani.

Sambaza, samaki wetu wadogo wa Kivu, nao walikuja kama wageni. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakamwagwa ziwani, na hakuna aliyewasagia kamba. Walijitafutia vijidudu vyao majini, wakazaana, na leo tunawala kwa ugali.

Maji ya tangi lako yatapandishwa kwa bidoni, juu ya chukudu. Kijana anayesukuma, jasho likimtiririka, atakuuliza samaki hao wataliwa lini. Patron, mlipe kwanza, ndipo umjibu.