Mayai ya Kiti cha Nyuma

Tangu Toyota Corona yetu ilipovutwa kutoka barabara ya Koboko na kutupwa chini ya mwembe, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na mama mkwe ametangaza kwamba mayai hayo ndiyo fidia ya kwanza tuliyoiona.

Lori aina ya Fuso lilitaka kupita lenzake kwenye kona, upande wa Maracha, likamkuta mume wangu akirudi Arua na magunia ya simsim. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Gari lilitoka na chasisi iliyopinda na injini iliyosogea hadi kwenye dashibodi. Fundi alilizunguka akifuta mikono, akasema, "Mama, hili si la kunyoosha. Hili ni la kupima kwa kilo."

Kikao kikaitwa nyumbani. Shemeji akanyoosha kidole kwenye stika ya bima ya lile lori, iliyoonekana vizuri kwenye picha tulizopiga. "Bima italipa!" Ikabidi niwasomee. Bima hiyo ya lazima, chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 1989, ni ya aliyeumia au aliyekufa, tena mwisho wake ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Gari halimo.

"Kwa hiyo angevunjika mguu tungepata kitu?" akauliza mama mkwe.

"Kidogo, mama."

Akamtazama mwanawe miguu kwa muda mrefu, mpaka mume wangu akaiingiza chini ya kiti.

Mwenye lori alikuja na kreti ya soda, milioni 3 ndani ya bahasha, na karatasi iliyokwisha kuchapwa: tumeridhika, hatudai tena. Dereva, akasema, ndiye mkosaji, yeye ni mfanyabiashara tu. Maneno matupu. Dereva akiwa kazini kwa tajiri wake, kosa lake barabarani linamfuata tajiri hadi mlangoni. Mama mkwe akaona tuzipokee, mtoto yu hai. Shemeji akadai 25, kwa sababu gari hilo ndilo lililombeba bibi harusi wake. Nyumba nzima ikagawanyika juu ya namba mbili, na zote mbili zilitoka hewani.

Thamani ya gari ni bei ambayo lingeuzwa Arua jana yake, kabla ya kugongwa. Haihusiani na harusi ya mtu. Basi mume wangu akawazungukia wauza magari, akaomba waandike, kwa saini na namba ya simu, bei ya gari kama letu, la mwaka uleule. Wengi walisema, walioandika ni wachache, na hao ndio wenye maana. Polisi wakatoa ripoti ya ajali na ya ukaguzi wa gari. Risiti ya kuvuta tukaitunza. Bei ikaja milioni 12, tukatoa 1 na nusu ya skrepa, maana mabaki yalibaki kwetu na haki inakwenda pande zote mbili. Shemeji alinuna kwa hilo.

Kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, usiohitaji wakili, lakini ni wa madeni, kodi ya nyumba na bidhaa, tena yasiyozidi milioni 10. Letu halikuingia huko. Tukamwendea wakili, akaandika barua moja, ukurasa mmoja, vielelezo nyuma.

Mwenye lori, aliyekuwa hashiki simu, alipiga mwenyewe. Safari hii hakuja na soda. Amekubali milioni 10 na nusu kwa mafungu mawili, na la kwanza limeingia benki. Karatasi yake ya "hatudai tena" tunayo kabatini. Itatiwa saini siku fungu la pili litakapoingia, si kabla, hata mama mkwe aseme nini.