Mtoa Habari, Mwanaume, Masisi

Siku hizi mwalimu wa chuo kikuu hapimwi kwa wanafunzi aliowafundisha. Anapimwa kwa namba. Mpwa wangu anayefundisha Goma huitazama namba yake kwenye simu kila asubuhi, kabla hajanijulia hali. Wanaiita fahirisi ya h, na aliyeitunga ni mwanafizikia Jorge Hirsch, mwaka 2005. Ukiwa na makala 10, na kila moja imenukuliwa angalau mara 10, wewe ni mtu wa 10. Ukiandika moja tu, hata inukuliwe mara 1,000, wewe ni mtu wa 1. Niliuliza kama huyo wa 1 si ndiye mwenye akili. "Mujomba, haya ni mambo ya kitaalamu," nikajibiwa, nikanyamaza.

Tena namba hizo hazilingani. Wanahisabati hunukuliana kwa ubahili, watu wa tiba kwa ukarimu mkubwa, kwa hiyo 10 ya huyu si 10 ya yule. Mjanja akiligundua hilo, hang'ang'anii elimu moja. Anazishika zote.

Mjanja wa namna hiyo namfahamu. Mara ya kwanza alifika hapa Lushebere kuchunguza jinsi mvua inavyoteremsha udongo milimani. Akarudi akiwa mtaalamu wa amani. Halafu akawa mtaalamu wa jinsia. Mara ya mwisho alishuka kwenye pikipiki akitokea Sake, matope ya barabara yetu yamemfika magotini, akajitambulisha kuwa mtu wa tabianchi. Kilima kilekile, wazee walewale, na viazi alivyokula ni vya mke wangu vilevile. Mkalimani pia alikuwa yuleyule, mimi: Kihunde, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, na kwa wazee waliogoma kusema nilitafsiri hata kimya chao.

Mpwa wangu alinifungulia makala za bwana huyo nijisomee. Nilitafuta jina langu mbele, nikalitafuta nyuma, hata mahali pa kushukuru watu sikuliona. Kumbe nilikuwa katikati: "Mtoa habari, mwanaume, Masisi." Maneno yangu kuhusu mipaka ya mashamba yapo pale, yamewekewa alama za kunukuu kabisa. Mtu wa Ulaya ameyanukuu kutoka kwake, na mtu wa Marekani akayanukuu kutoka kwa yule wa Ulaya. Sasa nipigieni hesabu: huyu Mtoa Habari wa Masisi ananukuliwa katika udongo, amani, jinsia na tabianchi. Mpwa wangu na digrii zake hamfikii.

Najua utetezi wao. Wanaficha majina kwa usalama wetu. Kwa habari za bunduki nifiche, tena nifiche vizuri, nakushukuru. Lakini udongo? Nani atanifuata usiku kwa sababu nilisema shamba lililo kwenye mteremko huliwa na mvua?

Wala si sisi wadogo tu. Mwaka 1976 daktari wetu wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa Yambuku, watu wakifa kwa ugonjwa usio na jina. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu. Sampuli ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, na kwa miaka mingi dunia ikajua kwamba Ebola iligunduliwa na Peter Piot na wenzake wa huko. Dawa moja iliyojaribiwa hapa Kivu Kaskazini kuanzia 2018 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995, na Muyembe yumo katika kazi hiyo. Sasa ana makala nyingi na tuzo. Lakini ile siku ya mikono mitupu haina safu yake kwenye fahirisi yoyote.

Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walitoa kitabu, Bukavu Series, juu ya wasaidizi wa utafiti wanaobeba hatari wakaachwa nje ya jalada. Nilipongeza. Halafu nikasikia habari za paka. Mwaka 2024 watafiti wawili, Reese Richardson na Nick Wise, walitaka kuonyesha jinsi manukuu yanavyonunuliwa. Wakatunga makala za uongo kwa jina la Larry, paka wa nyumbani kwa bibi yake Richardson, na Google Scholar ikampa Larry manukuu zaidi ya 100. Paka! Hajawahi kutafsiri hata salamu, na jina lake limeandikwa kamili.

Basi wewe unayefunga mizigo kuja Lushebere na karatasi zako za maswali, sikia mapema. Posho ya mkalimani imepanda. Jina langu litakaa mstari mmoja na lako, lote, bila kukatwa. Na viazi vya mke wangu vinalipiwa kando.